Jinsi ya kutenga mitokondria za ini na kupima upumuaji wake

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti mwenye sentrifuji (mashine ya kutenganisha vitu kwa kuvizungusha) inayopoza, elektrodi ya Clark (kifaa cha kupima oksijeni iliyoyeyuka) na barafu ya kutosha. Mitokondria ni sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuunda ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Tutaanza na ini bichi na kuishia na namba mbili utakazoweza kuzitetea mbele ya msimamizi wako: uwiano wa udhibiti wa upumuaji (kasi ya kutumia oksijeni ADP ikiwepo ikigawanywa kwa kasi yake ikiisha), na idadi ya ADP, malighafi ya ATP, zinazogeuzwa kuwa ATP kwa kila atomu ya oksijeni inayotumika.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1948 Hogeboom, Schneider na Palade, katika taasisi ya Rockefeller jijini New York, walitenga mitokondria za ini la panya ndani ya sukrosi. Mwaka uliofuata Kennedy na Lehninger, wakiwa Chicago, walionyesha kwamba ndani ya mitokondria hizo ndimo asidi za mafuta zinamochomwa na ATP inamoundwa. Tangu hapo hatua za msingi hazijabadilika sana. Ila miongozo mingi inachukulia kwamba maabara yako iko usawa wa bahari, na ukiwa Nairobi au Arusha dhana hiyo itakuharibia hesabu. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 1: Andaa bafa jana yake

Bafa ni kimiminiko kinachozuia pH kubadilika. Bafa ya kutengea, kwa lita moja: sukrosi gramu 85.6 (milimola 250), Tris gramu 1.21 (milimola 10) na EGTA gramu 0.38 (milimola 1). EGTA haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Iyeyushe kwanza katika KOH kidogo. Rekebisha pH iwe 7.4 bafa ikiwa imeshapoa. Tris hupandisha pH kwa takriban 0.03 kila joto linaposhuka nyuzi moja, kwa hiyo bafa uliyoipima mezani kwa nyuzi 25 itakaribia 8.0 ikiwekwa kwenye barafu.

EGTA inashika kalsiamu, ambayo ikizidi hufanya mitokondria zivimbe na kupasuka. Gawa nusu ya bafa na uiongeze BSA (albumini, protini ya damu ya ng'ombe) isiyo na mafuta, gramu 2 kwa lita. Kazi ya BSA ni kunasa asidi za mafuta zinazotoka kwenye ini linaposagwa, kwani hizo hupitisha protoni kwenye utando wa ndani wa mitokondria na kuvuruga uundaji wa ATP.

Bafa ya kupimia: KCl milimola 125, HEPES milimola 20, KH₂PO₄ milimola 5, MgCl₂ milimola 2, EGTA milimola 0.1, pH 7.2. Fosfati (KH₂PO₄) isisahaulike. Bila hiyo utaongeza ADP na mstari wa oksijeni unaochorwa na elektrodi hautatikisika, kisha utazilaumu mitokondria zisizo na kosa.

Hatua ya 2: Pata ini

Kwa panya wa maabara unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na ni vizuri wanyimwe chakula usiku mmoja ili glikojeni ipungue, maana hutuama pamoja na mashapo na kuyachafua. Kama huna panya, nenda machinjioni alfajiri na chupa ya bafa ndani ya barafu. Omba kipande cha ini la mbuzi mara tu linapotolewa, ukikate vipande vidogo papo hapo na kuvitumbukiza. Ini lililokaa kwenye ndoano hadi saa nne asubuhi ni la kupika. Usitegemee matokeo bora kama ya panya, lakini kwa kufundishia yanatosha kabisa.

Hatua ya 3: Saga

Kuanzia hapa ile methali ya haraka haraka haina baraka iweke kando. Fanya upesi, na kila kitu kikae kwenye barafu, pamoja na vyombo na ncha za pipeti. Suuza vipande hadi damu iishe, vikate kwa mkasi viwe kama punje, kisha ongeza bafa yenye BSA, mililita 10 kwa kila gramu ya ini. Tumia kisagio cha kioo chenye mchi wa Teflon. Mipigo mitano au sita ya taratibu inatosha. Ukiona mapovu, unavuta mchi kwa nguvu mno. Blenda ya jikoni usiiguse.

Hatua ya 4: Sokota

Zungusha kwa 600 g (hapa g si gramu, ni mara ngapi nguvu ya mzunguko inazidi mvutano wa dunia), dakika 10, nyuzi 4. Viini vya seli na seli nzima vitatuama. Chukua kimiminiko cha juu, acha safu ya mafuta inayoelea, kisha kizungushe kwa 8,000 g, dakika 10. Sasa mashapo ndiyo unayoyataka: ya rangi ya kahawia, na juu yake utando mweupe mlaini. Huo mweupe una mitokondria zilizoharibika na takataka nyingine. Uondoe kwa kuusuuza polepole. Yatawanye mashapo kwa brashi laini ndani ya bafa isiyo na BSA, kisha zungusha tena kwa 8,000 g. Mzunguko huu wa mwisho hauna BSA kwa sababu BSA ni protini, na kipimo chako cha protini kingehesabu hata hiyo.

Ikiwa mashine yako inaonyesha mizunguko kwa dakika tu, g ni 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota kwa sentimita × mizunguko kwa dakika mara yenyewe. Kwa rota ya sentimita 10, 8,000 g ni mizunguko 8,460 hivi.

Maliza kwa bafa kidogo sana, ili mchanganyiko uwe mzito, miligramu 30 hadi 50 za protini kwa mililita. Zikiwa nzito hudumu saa chache kwenye barafu. Ukizizimua zinakufa mapema. Pima protini kwa njia ya Bradford au ya biureti.

Hatua ya 5: Sanifisha elektrodi

Weka mililita 1 ya bafa ya kupimia kwenye chumba cha elektrodi, nyuzi 37, ikorogwe na hewa hadi mstari utulie. Hiyo ndiyo asilimia 100. Punje chache za sodiamu dithionaiti humaliza oksijeni yote na kukupa sifuri.

Vitabu vitakwambia bafa iliyoshiba hewa kwa nyuzi 37 ina takriban nanomoli 200 za oksijeni kwa mililita. Dar es Salaam na Mombasa ni sawa. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 83 hivi badala ya 101.3. Toa mgandamizo wa mvuke wa maji, 6.3 kwa nyuzi 37, pande zote mbili: 76.7 ÷ 95.0 ni 0.81. Kwa hiyo una nanomoli 161 tu. Ukiandika 200, kila oksijeni unayoihesabu imevimbishwa kwa karibu robo, na mitokondria zenye ADP 2.5 kwa kila atomu ya oksijeni zitaonekana zina 2.0. Soma baromita yako ya siku hiyo.

Hatua ya 6: Pima

Osha dithionaiti yote, weka bafa mpya na miligramu 0.5 ya mitokondria. Ongeza glutamati na malati, chakula cha mitokondria, milimola 5 kila moja. Mstari utashuka polepole. Ongeza nanomoli 200 za ADP. Mstari utainama ghafla, kisha ADP ikiisha utalegea. Mwaka 1955 Chance na Williams waliuita mteremko huo mkali hali ya 3 na ule uliolegea hali ya 4, na majina hayo yanatumika hadi leo.

Tuseme hali ya 3 inakula nanomoli 40 za oksijeni kwa dakika na hali ya 4 nanomoli 8. Uwiano wa udhibiti ni 40 ÷ 8, yaani 5, na huo ni mzuri. Kama oksijeni iliyotumika tangu ADP ilipoingia hadi mstari ulipolegea ni nanomoli 40, hizo ni atomu nanomoli 80, kwa kuwa kila molekuli ina atomu mbili. ADP 200 ÷ 80 ni 2.5. Rudia kwa suksinati (chakula kingine) milimola 5 pamoja na rotenoni (inayozuia pampu ya kwanza ya protoni) mikromola 1, tarajia karibu 1.5, kwa kuwa elektroni za suksinati huiruka pampu hiyo.

Hali ya 4 ikiwa juu mno, ongeza oligomaisini, inayozuia kimeng'enya kinachounda ATP, mikrogramu 1. Ikishuka, kuna vimeng'enya vinavyovunja ATP kuwa ADP upya, dalili ya mitokondria zilizopasuka au uchafu wa seli. Isiposhuka, utando wenyewe unavuja. Angalia BSA na joto la hatua ya 3.

Hatua ya 7: Osha chumba

Rotenoni na oligomaisini hung'ang'ania plastiki, na maji peke yake hayaziondoi. Osha kwa ethanoli mara kadhaa, kisha maji mengi. Kipimo kinachofuata kikionyesha suksinati inafanya kazi vizuri huku glutamati na malati zikidorora, bado kuna rotenoni ndani: rudi kwenye ethanoli kabla ya kutupa mitokondria.