Kabla Hujatangaza Shindano la Gemu Huria Dodoma: Mambo ya Kuzingatia

Shindano la kutengeneza gemu na sanaa huria linatofautiana na mashindano mengine ya vipaji kwa jambo moja kubwa: zawadi zikishatolewa, kazi ndiyo kwanza inaanza kutumika. Kijana wa Singida anatakiwa aweze kuchukua mchoro wa mbuyu uliochorwa Dodoma, aubadilishe rangi, auweke kwenye gemu yake na kuitoa, bila kumtafuta mtu kuomba ruhusa. Mwandaaji anayemfikiria kijana huyo tangu mwanzo hupanga mambo yake tofauti kabisa na anayefikiria siku ya vikombe. Na mengi yanayoharibika huwa yameshaharibika siku tangazo linapotoka, kwa sababu kanuni ziliandikwa nusunusu.

Kwa hiyo anza na leseni, kabla hata ya ukumbi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mchoro au programu inalindwa tangu inapotengenezwa, isajiliwe isisajiliwe. Kazi iliyowekwa mtandaoni bila leseni haitumiki kihalali na wengine, hata kama mwenyewe angefurahi itumike. Kuandika neno "huria" kwenye bango hakutoshi. Taja leseni kwa jina na toleo lake. Upande wa msimbo, yaani maandishi yanayoendesha programu, leseni ya MIT inamruhusu mtu kufanya karibu lolote mradi asiondoe tamko la hakimiliki. Leseni ya GPL inamtaka anayesambaza toleo lake naye atoe msimbo kwa masharti yaleyale. Upande wa michoro na sauti zipo leseni za shirika la Creative Commons, kwa kifupi CC. Ipo CC0, ambapo mwenye kazi anaachia haki zake kadiri sheria inavyoruhusu. CC BY, inayodai jina litajwe. Na CC BY-SA, inayodai jina litajwe na kazi iliyobadilishwa itolewe kwa leseni ileile. Shirika hilo lenyewe linashauri leseni zake zisitumike kwa programu za kompyuta, basi usizichanganye. Leseni yenye herufi NC, inayozuia biashara, au ND, inayozuia kubadilisha, ikatae waziwazi kwenye kanuni: kijana anayeuza gemu yake kwa shilingi elfu moja hataweza kuigusa kazi hiyo, na lengo zima litakuwa limekufa.

Kwa shindano la kwanza mimi ningechagua MIT kwa msimbo na CC BY 4.0 kwa sanaa. CC0 inamrahisishia mtumiaji, lakini msanii wa miaka 19 ambaye jina lake halijawahi kuonekana popote anahitaji lisafiri pamoja na kazi yake.

Kuna jambo washiriki wengi hawaambiwi mapema: leseni hizi, mtu akishazitoa, hazirudishwi. Aliyepokea kazi kwa masharti hayo anaendelea kuwa na ruhusa yake hata msanii akibadili mawazo. Liseme hilo kwa Kiswahili chepesi kwenye fomu ya kujiandikisha, juu kabisa. Maneno kama haya yanatosha: "Kazi hii nimeitengeneza mwenyewe. Naruhusu mtu yeyote aitumie, ainakili, aibadilishe na hata kuiuza, mradi ataje jina langu. Naelewa kwamba ruhusa hii siwezi kuiondoa baadaye." Chini yake weka jina la leseni na mahali pa kusoma maandishi kamili. Maneno "hata kuiuza" yasifichwe. Atakayeshtuka ashtuke siku ya kujiandikisha, wakati bado ana nafasi ya kuondoka.

Mdhamini naye aelezwe hayo mapema. Wapo watakaokuja na mkataba wao wa kawaida wenye kipengele kwamba kazi zote za washindi ni mali ya mdhamini. Kipengele hicho hakiendani na shindano la kazi huria, na kama hakiondoki, heri shindano dogo lisilo na mdhamini. Ila usimkatie tamaa haraka. Wengi hudhani kitu kinachotolewa bure hakina thamani. Mweleze habari ya Blender, programu ya kuchora kwa pande tatu inayotumika duniani kote: msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000 ili ukombolewe. Mpe nafasi ya nembo yake kwenye bango na kwenye skrini ya kuanzia ya shindano. Haki zibaki kwa waliotengeneza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Dodoma haliepukiki. Ukitangaza shindano la gemu hapa, vijana watataka kutumia ngoma ya muheme, ala za zeze na ilimba, na sauti za waimbaji wa Kigogo, na wako sahihi kutaka. Muziki huu unajulikana mbali na unastahili kusikika kwenye gemu. Lakini kikundi cha ngoma kinachopiga mbele ya kinasa sauti kina haki zake kama watumbuizaji, na sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Mshiriki hawezi kurekodi kwenye sherehe kisha akaiweka sauti hiyo chini ya CC BY kana kwamba ni yake.

Maandalizi hapa yanachukua muda, na ningependa kila mwandaaji autenge. Nenda kwa kiongozi wa kikundi kabla ya kuwapeleka vijana na vinasa sauti. Eleza gemu ni nini. Ikibidi onyesha moja kwenye simu, wazee na kina mama waone sauti inaingiaje. Soma ile fomu kwa sauti, kwa Kigogo kama wapo wasiokimudu Kiswahili cha maandishi, na usimame kwenye kile kipande cha kuuza na kile cha kutorudishwa mpaka kila mmoja awe ameuliza alilonalo. Uliza pia ni nyimbo zipi hazitoki nje. Nyimbo za jando na nyingine za ndani zina wenyewe, na jibu la "hapana" lipokelewe bila mabishano. Kikundi kilipwe kwa muda wake siku hiyohiyo, na jina la kikundi, kijiji na wilaya viandikwe kama wenyewe wanavyotaka viandikwe. Kama hayo yote hayawezekani kwa muda uliopo, ipo njia nyingine nzuri: mshiriki arekodi mapigo mojamoja ya ngoma anayoipiga mwenyewe, kisha atunge mdundo wake.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, inahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo. Waliochora hawapo tena, lakini picha uliyoikuta mtandaoni ina mpiga picha wake na haki zake. Ukiandaa safari ya kwenda Kolo, yalipo maeneo ya michoro hiyo, pitia ofisi ya mambo ya kale, mfuate mwongozaji, na waonye vijana wasiguse miamba wala kuimwagia maji ili rangi zikolee kwenye picha. Wachore kwa mikono yao kutokana na walichokiona. Michoro hiyo itakuwa yao, na wataweza kuitoa kwa moyo mweupe.

Ukitaka mfano wa kujifunza, lipo Liberated Pixel Cup la mwaka 2012, lililoendeshwa na Free Software Foundation, Creative Commons, Mozilla na OpenGameArt, tovuti ya kuwekea sanaa huria za gemu. Waandaaji walitoa kwanza mwongozo wa mtindo na michoro ya msingi, wakafuata na awamu ya wasanii, kisha awamu ya watengenezaji gemu waliotumia michoro ileile. Kwa sababu wote walifuata kipimo kimoja na mtindo mmoja, nyumba ya msanii huyu ilikaa vizuri kando ya mti wa yule, na michoro hiyo inatumika mpaka leo. Fuata mpangilio huo. Andaa ukurasa mmoja wa mtindo: ukubwa wa kigae (kipande kidogo cha mchoro kinachopangwa na vingine kujenga mandhari ya gemu), tuseme pikseli 32 kwa 32, mwanga unatoka upande gani, rangi zipi. Jambo la pili la kujifunza kwao ni orodha ya majina. Mhusika mmoja anaweza kuwa na nywele za huyu, nguo za yule na silaha za mwingine, na kila mmoja anatakiwa kutajwa. Orodha hiyo ikiandikwa siku kazi inapowasilishwa ni dakika tano. Ikitafutwa miaka mitatu baadaye haipatikani.

Kuhusu zana, chagua chache na uzitaje kwa toleo. Godot, injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) ambayo chanzo chake kilifunguliwa mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT, inafaa sana kwa sababu ni nyepesi. Lakini mradi uliofunguliwa kwenye Godot 4 haurudi vizuri kwenye Godot 3, kwa hiyo kundi lote liwe kwenye toleo moja. Violezo vya kusafirishia gemu, yaani faili zinazougeuza mradi kuwa gemu inayofunguka kwenye simu au kompyuta, ni vikubwa kuliko programu yenyewe na vinamaliza bando. Vipakue mara moja, uviweke kwenye flashi pamoja na programu za kuchora za Krita, GIMP, Inkscape na Blender, na ya sauti ya Audacity, uvigawe. Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, nayo inafanya kazi bila intaneti, wafundishe kabla.

Dai faili za asili. Picha ya PNG peke yake haitoshi. Anayetaka kubadilisha mchoro anahitaji faili ya Krita au GIMP yenye matabaka yake, na sauti anaihitaji katika WAV au FLAC. JPEG usiipokee kwa sanaa ya pikseli, inachafua kingo. Fonti zikaguliwe, maana wengi huchukua iliyopo kwenye kompyuta bila kujua hairuhusiwi kusambazwa. Zipo nyingi zenye SIL Open Font License, leseni huria ya fonti. Majina ya faili yaandikwe kwa herufi ndogo tupu. Hili linaonekana dogo, lakini msimbo unaoita "mbuyu.png" wakati faili inaitwa "Mbuyu.png" utafanya kazi kwenye Windows, kisha gemu ikisafirishwa kwenda kwenye simu ya Android picha haipatikani, na majaji wanafungua skrini tupu. Kuhusu akili unde, weka kanuni mapema: kwa upande wa sanaa ningeikataza, kwa upande wa msimbo ningetaka itajwe ilipotumika.

Ratiba isigongane na mitihani ya vyuo wala Ramadhani. Mashindano ya kutengeneza gemu kama Ludum Dare, lililoanza mwaka 2002, yalizoesha watu saa 48 mfululizo, lakini kila mtu hufanyia kwake. Kukesha ukumbini hapa kutawaondoa wasichana wengi na wote wanaotegemea daladala kutoka upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au Kikuyu. Jumamosi mbili za mchana, na wiki moja katikati ya kumalizia nyumbani, zinatoa kazi bora zaidi. Andaa ekstensheni za kutosha, na jenereta yenye mafuta. Kwenye barua ya kuomba ukumbi eleza wazi kwamba hakuna kubeti wala kiingilio.

Wenye umri chini ya miaka 18 ni watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo mzazi au mlezi asaini ile fomu, na mtoto aruhusiwe kutumia jina la kubuni. Taarifa chukua zile tu unazozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama daftari lako lina majina thelathini tu.

Majaji wajulikane kabla, na mwenye ndugu au mwanafunzi wake kwenye shindano akae pembeni kazi hiyo inapojadiliwa. Vigezo vitoke pamoja na tangazo, na kimojawapo kiwe hiki: mtu mwingine anaweza kuufungua mradi huu akauendeleza? Mpe jaji folda, bila maelezo ya mdomo, kwenye laptopu ya kawaida. Usihesabu "like".

Fedha za zawadi ziwe mkononi kabla ya tangazo, na zilipwe kwa simu siku ya matokeo.

Mwisho, panga mapema kazi zitakaa wapi. Zipandishwe OpenGameArt na kwenye hazina ya Git ndani ya wiki mbili, kila moja na faili ya leseni na ya majina, zikiwemo zisizoshinda ambazo wenyewe wameridhia. Akaunti iwe ya shindano, isiwe ya mtu, na nywila ishikwe na watu wawili wasiosoma chuo kimoja, kwa sababu wanafunzi humaliza masomo na kuondoka Dodoma. Nakala nyingine ibaki kwenye diski ya maktaba au ya klabu ya kompyuta ya shule iliyokubali kwa barua kuitunza.