Namna ya Kuongoza Mjadala kuhusu Wanawake na Sheria katika Nchi za Kiarabu

Hapa Lamu ni vigumu kumpata mtu asiye na jamaa aliyewahi kufanya kazi Saudia, Omani au Dubai, na kwa hivyo mjadala kuhusu wanawake wa huko huchacha upesi: mmoja hudai kwamba Waarabu wanawadhulumu wanawake, mwingine huona dini yake imetukanwa, na baada ya hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Anayeongoza anaweza kuyaepuka hayo akijiandaa mapema.

Chagua nchi moja na jambo moja. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, na sheria zao zinatofautiana sana: Tunisia ilipiga marufuku ndoa ya wake wengi mwaka 1956, ilhali Saudia inairuhusu hadi leo.

Kisha tenganisha sheria ya dola, rai za wanazuoni na mila. Mfano unaofaa zaidi kwa watu wa Lamu ni khului, yaani talaka anayoidai mke kwa kumrudishia mume mahari, kwa kuwa wengi wetu tunaijua Mahakama ya Kadhi. Nchini Misri, Sheria nambari 1 ya mwaka 2000 inamruhusu mke kujivua katika ndoa hata mume asiporidhia, mradi arudishe mahari aliyopokea na aache haki zake za kifedha kwa mume huyo. Wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, wanashurutisha ridhaa ya mume. Walioiunga mkono sheria hiyo walitegemea hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyekubali kumrudishia mumewe bustani aliyopewa kuwa mahari, naye Mtume akamwamuru mume aipokee na amwache. Wasomee washiriki hadithi yenyewe, uwaeleze sheria inavyosema, halafu uwaulize ni nani aliyeichagua rai hii badala ya ile, na kwa nini wakati huo. Swali hili lipewe nafasi kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu hapo ndipo mtu huiona siasa ikifanya kazi ndani ya jambo alilodhani ni la dini peke yake.

Usiache kueleza haki zilivyopatikana. Bunge la Kuwait liliikataa haki ya wanawake kupiga kura mwaka 1999, likaipitisha Mei 2005, na mwaka 2009 wanawake wanne wakachaguliwa kuwa wabunge. Saudia iliwaruhusu wanawake kuendesha magari Juni 2018, lakini Loujain al-Hathloul, aliyekuwa akiidai haki hiyo kwa miaka, alikamatwa Mei mwaka huo huo. Asipotajwa, watu wataondoka wakiamini kwamba ruhusa ile ilikuwa hisani ya ikulu tu.

Dharau ikianza kuingia, rudisha mazungumzo nyumbani. Mwanamke wa Lebanon aliyeolewa na mgeni hawezi kumrithisha mtoto uraia wake. Nasi Kenya, kabla ya Katiba ya 2010, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi aliupata uraia kwa baba, si kwa mama.

Suala la wafanyakazi wa nyumbani linataka uangalifu wa pekee. Ukimwalika mama aliyefanya kazi huko, zungumza naye faraghani kabla ya siku yenyewe, umhakikishie kwamba anaweza kukataa swali lolote, na usiruhusu mtu amrekodi wala kumdadisi jina la kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Wewe ndiye uueleze mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha ukaazi cha mfanyakazi kwa mwajiri wake. Tangu Agosti 2019 mwanamke wa Saudia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza kuchukua pasipoti bila idhini ya walii, yaani mlezi wake wa kiume, na bado zipo nyumba ambamo pasipoti ya mfanyakazi hufungiwa kabatini, ijapokuwa sheria ya huko inakataza.

Ikiwa miongoni mwa washiriki yumo binti anayejiandaa kusafiri, tenga muda mkataba wake usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, katika lugha anayoifahamu: mshahara, siku ya mapumziko, na nani atakayelipa nauli ya kurudi. Jina la wakala litafutwe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki kwa mama yake.