Kuanza masomo Ujerumani: karatasi ipi itangulie ipi

Karatasi ya kwanza utakayoihitaji Ujerumani inatoka kwa mwenye nyumba. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, ni ukurasa mmoja tu, na inathibitisha kwamba umehamia anwani fulani tarehe fulani. Bila hiyo huwezi kusajili makazi. Bila usajili wa makazi, fedha za akaunti yako iliyofungwa, yaani ile uliyoweka fedha za kujikimu ili upate viza, zinaweza kuchelewa kutoka, na ombi lako la kibali cha ukaazi halitasogea. Kwa hiyo kabla hujakubali chumba, muulize anayekupangisha kwa maandishi: utanisainia karatasi hiyo siku nitakayoingia? Akijibu kwamba hapo watu hawajisajili, endelea kutafuta, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Mkataba wa pango pekee hautoshi.

Chumba

Mabweni ya Studierendenwerk, shirika linaloendesha pia migahawa ya wanafunzi, kwa kawaida ndiyo nafuu zaidi, ila foleni katika miji kama München huenda miezi mingi. Omba mara tu upatapo barua ya udahili, usingoje viza. Njia ya pili ni kuishi na wengine katika nyumba moja, mtindo unaojulikana kama WG. Humo anayekusainia karatasi anaweza kuwa mpangaji mkuu badala ya mwenye jengo.

Ukitajiwa bei, uliza ni Kaltmiete, yaani pango tupu, au Warmmiete, ambayo imejumuisha gharama kama za kupasha nyumba joto na maji. Umeme na intaneti mara nyingi haviko hata katika hiyo ya pili. Amana haiwezi kisheria kuzidi pango tupu la miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Anayedai yuko nje ya nchi na kwamba atakutumia funguo kwa posta ukishalipa ni tapeli, usijadiliane naye.

Siku ya kukabidhiwa chumba, piga picha kila mkwaruzo, doa na ufa, ukutani na sakafuni, kisha hakikisha vimeandikwa kwenye fomu ya makabidhiano kabla hujasaini. Wengi hupoteza sehemu ya amana kwa uharibifu walioukuta.

Usajili wa makazi

Sheria inakupa wiki mbili tangu siku ya kuhamia. Usajili hufanyika Bürgeramt, ofisi ya huduma za wakazi, na miadi huchukuliwa mtandaoni. Mjini Berlin nafasi huisha haraka, lakini zinazofutwa na wengine hurudi kwenye mfumo, hasa asubuhi mapema, na unaweza kwenda ofisi ya wilaya yoyote ya mji huo. Ukikosa nafasi ndani ya wiki mbili, chukua ya karibu zaidi iliyopo na utunze uthibitisho wake kama ushahidi kwamba hukuzembea.

Nenda na pasipoti yenye viza, karatasi ya mwenye nyumba na fomu ya usajili iliyojazwa. Fomu ina sehemu ya dini, na hapo watu hujaza bila kufikiri. Ukijiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa linalotoza kodi, utakatwa kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi ya mapato katika Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Hesabu hufanywa juu ya kodi, si juu ya mshahara, hivyo mwanafunzi mwenye kipato kidogo huenda asilipe chochote kwa sasa. Lakini maelezo hayo yatabaki nawe ukianza ajira ya kudumu. Andika kilicho kweli, ukijua maana yake.

Kabla hujatoka dirishani, soma cheti ulichopewa herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, na karani anaweza kugeuza jina la kati kuwa la ukoo. Jina linalotakiwa ni lile lililo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Likitofautiana kati ya usajili, benki, bima na chuo, utakuwa unapeleka barua za masahihisho muhula mzima.

Siku hiyohiyo bandika jina lako la ukoo kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlangoni. Anwani za huko kwa kawaida hazina namba ya chumba. Mtu wa posta husoma jina, na asipoliona barua hurudi ilikotoka. Ukiwa unaishi kwa mtu na huwezi kubandika jina, waandikie watu anwani yako kwa kuongeza c/o na jina lililoko kwenye kisanduku. Namba ya kodi yenye tarakimu 11, kadi ya benki, namba yake ya siri na kadi ya bima vinaweza vyote kuja kwa posta, na baadhi huja katika bahasha tofauti siku tofauti.

Fedha na bima

Kiwango cha akaunti iliyofungwa tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, na hutolewa euro 992 kila mwezi. Hazitoki hadi ufungue akaunti ya kawaida ya benki na kuwapa wanaoendesha akaunti iliyofungwa namba yake, na baadhi yao hudai pia cheti cha usajili wa makazi. Ndiyo maana usisafiri ukitegemea fedha hizo siku ya kwanza. Kuwa na fedha mkononi au kwenye kadi za kutosha pango la mwezi wa kwanza, awamu ya amana, ada ya muhula na chakula cha wiki sita.

Bima ya afya hutangulia uandikishwaji chuoni, kwa kuwa kampuni ya bima ndiyo inayotuma uthibitisho moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, takriban euro 140 hadi 150 kwa mwezi mwaka 2025. Zipo bima binafsi zinazotangazwa kwa bei ya chini sana. Tahadhari: ukishaomba kuondolewa katika bima ya umma ili uingie ya binafsi, huwezi kurudi kwa muda wote wa masomo hayo. Kwa aliye chini ya miaka 30, ushauri wetu ni kubaki na ya umma.

Kibali cha ukaazi

Viza ya kuingilia huwa ya miezi michache. Peleka ombi la kibali Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, mara tu baada ya usajili wa makazi na uandikishwaji chuoni. Kinacholinda hadhi yako ni kwamba ombi lilifika kabla viza haijaisha. Ofisi zinaelemewa, hivyo tunza barua pepe ya uthibitisho pamoja na nakala ya kila ulichotuma. Tarehe ikikaribia bila jibu, omba cheti cha muda kiitwacho Fiktionsbescheinigung, na usitoke nje ya nchi kabla ofisi haijakuhakikishia kwamba cheti ulichonacho kinaruhusu kurudi.

Kibali cha masomo kinaruhusu siku 140 kamili za kazi kwa mwaka au nusu-siku 280. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Kujiajiri hakuruhusiwi bila idhini ya ofisi, na baadhi ya kazi za kusambaza vyakula kwa mikataba ya kujitegemea huangukia hapo. Soma mkataba kwanza.

Barua ya ada ya utangazaji

Baada ya kujisajili utapata barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli, na kutokuwa na televisheni hakukusamehe. Hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa: katika WG mmoja hulipa, wengine humchangia na kujibu barua zao kwa kutaja namba yake ya malipo. Katika bweni ambako vyumba vinafunguka kwenye korido ya wote, kila chumba huhesabiwa kuwa nyumba. Ukiitupa barua, deni hukua na kudaiwa tangu siku ya kuhamia.

Sikukuu, joto na ukungu

Ukifika mwanzoni mwa Oktoba, nunua chakula mapema: Oktoba 3 ni sikukuu ya taifa na maduka hufungwa, kama ilivyo kila Jumapili.

Baridi ikianza, kosa la kawaida ni kufunga madirisha wiki nzima ili kutunza joto. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua hubaki ndani, hugusa ukuta wa baridi na kugeuka maji, kisha ukungu mweusi huota pembeni mwa dirisha na nyuma ya kabati. Gharama inaweza kukatwa kwenye amana yako. Zima hita, fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kisha funga na uwashe tena. Kuliacha dirisha limeinama kidogo kutwa nzima hupoza ukuta bila kutoa unyevu vya kutosha. Sogeza kabati sentimita chache kutoka ukuta wa nje.

Chuoni

Ratiba ikiandikwa c.t., kipindi huanza robo saa baada ya muda uliotajwa, na s.t. ni kwa muda uleule uliotajwa. Katika vyuo vingi kuhudhuria kozi hakukuingizi kwenye orodha ya mtihani. Mtihani una usajili wake kwenye mfumo wa chuo, na dirisha lake hufungwa wiki kadhaa kabla. Vilevile lipa ada ya muhula unaofuata ndani ya muda uliotangazwa, ambao kwa wanaoendelea hufika kabla muhula wa sasa haujaisha. Asiyelipa huondolewa kwenye orodha ya wanafunzi, na kibali cha ukaazi kinategemea orodha hiyo.