Umefukuzwa kazi ya vila au hoteli Malindi bila kulipwa? Anza hivi

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Malindi. Kila msimu wa wageni ukiisha wanakuja kina dada wa usafi, wapishi, wakata majani, mabawabu, na wote neno lao ni moja, "sina mkataba kwa hivyo sina haki." Si kweli jamani, na hili neno linaniuma manake ndilo linalorudisha watu Ganda na Magarini mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima mkataba uandikwe, na wa kuuandika ni mwajiri, si wewe. Mkifika kortini hana karatasi, yeye ndiye wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Hatua ya kwanza ni ushahidi, na uanze kuukusanya ungali kazini kabla hamjakosana. Kama analipa kwa M-Pesa, piga *334# uombe stetimenti. Usifute meseji za bosi, hata ile ya "kesho uje mapema kuna wageni", hiyo inaonyesha alikuwa akikutuma kazi. Piga picha ukiwa na yunifomu. Na uandike siku zako. Kuna dada aliniletea kalenda ya duka, ile ya kutundika jikoni, imeingia mafuta ya kukaangia mpaka karatasi inapitisha mwanga, na kila Jumapili aliyofanya kazi ameitia alama ya kalamu nyekundu. Tukazihesabu pamoja kwa kidole, moja moja. Sheria inampa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, kwa hivyo kila alama pale lilikuwa deni la bosi, na mwenyewe alidhani anajiwekea kumbukumbu tu.

Pili, jua unachodai. Wengi wanaitwa vibarua mwaka mzima, lakini ukifanya kazi mfululizo ikafika mwezi, sheria inakuhesabu mtu wa mshahara wa mwezi. Hapo unaingia kwenye notisi ya siku 28 au malipo yake, na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Kabla ya kukufukuza kwa makosa lazima akuite, akueleze kosa, akusikilize, na una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini hapo. Ukiona umetolewa juu ya mimba, dini, kabila, ulemavu au HIV, huo ni ubaguzi, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Hapa nisimame kidogo. Kama bosi anakushikashika au amekulazimisha, usingoje mambo ya leba, yaani ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Nenda hospitali kabla ya saa 72 upate dawa ya kuzuia HIV, usioge kwanza, nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, halafu polisi upande wa dawati la jinsia. Namba 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni bure. Na wazee wakikuita kwa maslaha, yaani kupatanishwa nje ya korti, dadangu, kesi ya ubakaji haimalizwi barazani hata mbuzi wakitolewa kumi.

Tatu, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mara nyingi unapewa elfu mbili tatu na karatasi ya Kiingereza inayosema umelipwa yote na huna dai tena. Sema unaenda nayo nyumbani ukasomewe. Akikataa, ipige picha.

Nne, nenda ofisi ya leba na kopi za kila kitu, orijino ubaki nazo. Eleza kwa tarehe: nilianza lini, mshahara ngapi, nimetolewa lini. Afisa atamwita mwajiri mkae. Andika jina la afisa na siku mliyopewa.

Bosi asipotokea ni korti, pale pale Malindi. Kama mshahara wako hauzidi 80,000 kwa mwezi, hakimu anaweza kuisikiza, na unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Ikionekana ulifukuzwa kinyume cha sheria unaweza kupewa fidia mpaka mshahara wa miezi 12. Lakini una miaka 3 tu ya kushtaki, na madai ya kuendelea kama zile Jumapili hesabu miezi 12 tangu yakome, kwa hivyo usikae ukingoja kama bosi atakuita msimu ujao.