Somo: Waya ipi ya picha kwa PS2 yako? Anzia nyuma ya TV

PS2 haina tundu la HDMI. Picha na sauti hutokea mlango mmoja mpana ulioandikwa AV MULTI OUT, na mlango huohuo upo kwenye PS1 na PS3. Ndiyo maana waya za mashine hizo zinaingiliana. Kinachokuamulia waya ya kununua ni matundu ya TV, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani geuza TV, washa tochi ya simu usome.

1. Soma matundu

TV ya chogo kwa kawaida ina njano, nyeupe na nyekundu. Hapo waya iliyokuja na mashine inatosha, tunza hela yako. Gemu nyingi za PS2 hutoka 480i (mistari 480, mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani) au 576i (mistari 576, mfumo wa PAL wa Ulaya na kwingineko), na chogo ilitengenezwa kwa picha za namna hiyo.

Flati yenye kijani, bluu na nyekundu: chukua waya ya komponenti, hutajuta. Njano hubeba mwanga na rangi kwenye waya mmoja, halafu TV inahangaika kuzitenganisha. Tazama ubao wa magoli kwenye gemu ya mpira: tarakimu nyekundu juu ya nyasi za kijani huonekana kama zimelowa maji, na pembeni ya herufi kuna vinukta vinatambaa. Komponenti hupitisha mwanga na rangi njia tofauti, na uchafu huo unaondoka.

Flati yenye HDMI tu: utahitaji adapta ndogo ya PS2 kwenda HDMI, ile inayochomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine. Inataka umeme wa volti 5; waya yake ya USB ichomeke mbele ya PS2 kwenyewe.

TV zilizotoka Ulaya zinaweza kuwa na SCART, tundu kubwa la pini 21. Waya ya RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila rangi njia yake) ya SCART ni nzuri sana kwa gemu, ila filamu ya DVD ikichezwa humo picha hugeuka kijani. Mashine haina ubovu. PS2 haitoi filamu za DVD kwa RGB.

2. Kagua waya dukani

Komponenti ya kweli ina pini tano: kijani, bluu, nyekundu za picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Nyekundu ni mbili, na hapo ndipo wengi huchanganya. Ya sauti imefungwa pamoja na nyeupe. Ukizibadilishana, spika moja itanguruma na picha itakosa wekundu.

Waya nyembamba kama ya chaja mara nyingi haina kinga ndani. Dalili yake ni mistari ya kuviringika na mvumo kwenye spika. Urefu wa mita 2 hivi unatosha. Ukirefusha, tumia waya ya ohm 75, usiunge kwa seloteipu.

Kwenye HDMI usidanganywe na pini za dhahabu wala maandishi ya 4K. Picha ya PS2 ni ndogo, waya yoyote nzima ya HDMI inaibeba.

3. Badili mpangilio kabla ya kuchomoa njano

Hatua hii ikirukwa, fundi analaumiwa bure. Washa PS2 bila diski ukiwa bado na waya ya njano. Ingia System Configuration, shuka hadi Component Video Out, bonyeza X, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, bonyeza X tena. Sasa zima, badilisha waya. Mashine ikiwa kwenye RGB, komponenti na adapta nyingi za HDMI zitakupa rangi za ovyo au giza tupu. Kwa SCART ya RGB fanya kinyume: chagua RGB.

4. Chagua chanzo kwa rimoti

Flati nyingi zimeunganisha njano na kijani kwenye tundu moja, AV/Y. Waya ya njano huingia hapohapo kwenye kijani, kisha kwenye orodha chagua AV. Ukichagua Component utaona picha nyeusi na nyeupe.

Maswali ya wanachama

Mkuu, TV yangu ina kitundu kidogo tu cha AV kama cha earphone. Nimenunua kikonekta cha rangi tatu, njano inatoa kelele na picha hamna.
Watengenezaji hawapangi miduara ya pini ile kwa utaratibu mmoja. Hamisha waya ya njano kwenye tundu jekundu la kikonekta, kisha jeupe. Moja itatoa picha. Mbili zilizobaki ndizo sauti.

Nimeweka komponenti, gemu za PS2 safi kabisa, lakini diski za PS1 TV inasema hakuna ishara.
Gemu nyingi za PS1 hutoka 240p (mistari 240 tu), na flati kadhaa hazipokei hiyo kupitia komponenti. Waya yako ni nzima. Hifadhi ya njano kwa ajili ya PS1.

Diski moja picha ina rangi, nyingine nyeusi na nyeupe inapanda juu. Ni waya?
Hapana kaka. Hiyo ya pili ni NTSC na TV imebanwa kwenye PAL. Ingia menyu ya TV, Colour System, weka Auto. Chogo isiyo na NTSC haitakubali.

Duka lina kiboksi cheupe bei rahisi kuliko adapta ya PS2. Kinafaa?
Soma maandishi kwanza. HDMI2AV ni ya safari ya kurudi, haitakufaa kabisa. AV2HDMI itafanya kazi, ila inachukua ishara ileile ya njano na kuikuza, hivyo uchafu unakuzwa nao, na pedi inaweza kuchelewa. Bora uongeze hela.

Niliwasha 480p ndani ya gemu, skrini ikawa nyeusi.
Njano haibebi 480p (mistari 480 yote kwa mkupuo; 480i huichora kwa zamu). Chomeka komponenti urudishe, au zima uwashe bila kupakia kumbukumbu ya gemu hiyo. Ni gemu chache zenye 480p. Baadhi unashika Pembetatu na X zinapofunguka.

PS3 nimeitoa AV kwenda HDMI, taa inawaka, picha hamna.
Izime hadi taa iwe nyekundu. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, ndipo uachie. Itatafuta upya mlango wa picha na kukuuliza kama utumie HDMI.