Jinsi ya Kuomba Kumbukumbu za Baharia Aliyepotea Baharini Wakati wa Vita

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye babu au ndugu wa ukoo wake alitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza katika vita vya 1914–1918 au vya 1939–1945, akafa baharini na mwili wake usionekane. Kumbukumbu za mtu kama huyo zimegawanyika katika ofisi kadhaa, na jambo linalomtambulisha kwa uhakika ni namba yake ya utumishi. Kwa hiyo usitume ombi lolote la kulipia kabla hujaipata, kwani majina hufanana, tahajia hubadilika, na wapo vijana waliodanganya umri ili wapokelewe.

Namba hiyo hupatikana kwa urahisi katika Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ambayo orodha yake ya marehemu iko kwenye intaneti na kuipekua ni bure. Mabaharia wasio na kaburi waliandikwa hasa katika minara mitatu ya kumbukumbu, yaani Portsmouth, Plymouth na Chatham, kwa kufuata bandari ambayo mtu alisajiliwa chini yake, wala si mahali alipozaliwa au meli ilipozama. Herufi inayotangulia namba nayo ina maana yake: katika vita vya kwanza J ilikuwa ya mabaharia wa sitaha na K ya wachochea tanuri, na katika vita vya pili P, D na C mwanzoni mwa namba zilionyesha Portsmouth, Devonport (bandari ya kijeshi ya Plymouth) na Chatham. Usipomkuta huko, usikate tamaa upesi. Familia nyingi husema “alikuwa mwanamaji” hali marehemu alikuwa kwenye meli ya biashara, na hao kumbukumbu yao iko Tower Hill, London. Waliokuwa katika kikosi cha doria wako Lowestoft, na wa kikosi cha anga cha wanamaji wako Lee-on-Solent.

Ukishapata namba, omba rekodi ya utumishi. Kwa mabaharia wa kawaida walioingia jeshini kati ya 1873 na 1923, tafuta katika fungu la ADM 188 la Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London (ADM ni alama ya mafungu ya nyaraka za wizara ya wanamaji). Maofisa wako katika ADM 196. Kutafuta jina ni bure, lakini kupakua nakala hulipiwa. Ukurasa wenyewe ni mfupi na umejaa vifupisho, na viwili kati yake havifai kuchanganywa: DD maana yake aliondolewa jeshini kwa kufa, ilhali “Run” maana yake alitoroka. Mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilianza kuhamishia rekodi za miaka ya baadaye kwenye Nyaraka hizo hizo, kwa hiyo kwa mtu wa vita vya pili hakikisha kwanza jalada lake liko upande upi. Katika ombi andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba na uhusiano wako naye. Cheti cha kifo kwa kawaida hakidaiwi ikiwa mtu alifia kazini.

Rekodi ya utumishi, hata hivyo, haisimulii kifo. Itakutajia meli ya mwisho na tarehe, na kuanzia hapo uchunguzi unapaswa kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa meli, kwa sababu ripoti za kuzama, ushahidi wa walionusurika na matokeo ya tume za uchunguzi viliwekwa chini ya jina la manowari. Kwa vita vya kwanza angalia ADM 137, pamoja na ADM 242 inayoorodhesha waliokufa. Kwa vita vya pili anza na ADM 199. Madaftari ya safari yako katika ADM 53, ingawa lile la siku za mwisho aghalabu lilizama na meli yenyewe.

Magazeti ya wakati ule nayo yasomwe kwa tahadhari. Manowari Barham ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani U-331 tarehe 25 Novemba 1941, watu zaidi ya 800 wakafa, lakini serikali haikutangaza msiba huo hadi tarehe 27 Januari 1942, na familia zilizopewa taarifa mapema ziliombwa zikae kimya. Anayepekua magazeti ya Novemba hataona kitu. Ikiwa meli ilizamishwa na nyambizi iliyorudi salama bandarini, shajara ya nahodha wa adui huweza kutoa saa na mahali, ila kumbuka kwamba Wajerumani walifuata saa za kwao, na tofauti hiyo inaweza kusogeza tukio hata kwenye tarehe nyingine.

Ukigundua kwamba jina au tarehe imekosewa katika orodha ya Tume, unaweza kuiomba irekebishe. Ambatisha nakala ya rekodi ya utumishi au cheti, ukionyesha mstari unaohusika, kwa kuwa masimulizi ya familia peke yake hayatoshi kubadilisha jina lililoandikwa kwenye mnara.