Jinsi ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari ambayo mhariri ataitumia kweli

Watu wengi wakipewa kazi ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari wanakimbilia fomati, logo ikae wapi, tarehe iwe kulia au kushoto, wakati tatizo kubwa linaanza kabla hata hujafungua kompyuta. Jiulize kwanza hapa kuna habari gani. Usijiulize taasisi yetu imefanya nini, jiulize habari iko wapi, maana hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mkurugenzi kuhudhuria semina sio habari. Kutimiza miaka kumi peke yake sio habari pia, labda kama kwenye hiyo miaka kumi kuna kitu kimebadilika kwenye maisha ya watu na mnaweza kukionyesha.

Kipimo changu ni rahisi. Tafuta mtu asiyehusika kabisa na kazi yenu, mwambie hiyo stori kwa sentensi moja tu. Akikuuliza "ehe, ikawaje?" au "inaanza lini?" basi unayo habari. Akikwambia "hongereni" ujue hauna, rudi ukatafute engo nyingine, na kama haipo kabisa usitume, subiri. Kusubiri hakuna hasara, ila ukizoesha wahariri kupokea vitu visivyo na maana kutoka kwenu, siku mna jambo zito hawatalifungua.

Ukishapata habari, iweke kwenye aya ya kwanza, yote. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini na kwa vipi, halafu kinachofuata kipungue uzito kadri unavyoshuka. Ndo ule mtindo wanaouita piramidi iliyogeuzwa, na sababu yake ni ya kikazi: mhariri akibanwa na nafasi anakata kutoka chini, sasa kama jambo lenyewe umelificha aya ya tano limeenda na maji.

Chukua mfano wa kubuni, maktaba inataka kutangaza huduma mpya. Wengi wataandika hivi: "Katika kuendeleza juhudi zake za kuboresha utoaji wa huduma bora na za kisasa kwa wadau wake, uongozi wa maktaba unayo furaha kubwa kuutangazia umma..." Mpaka hapo umesoma maneno zaidi ya ishirini na hujui kinatangazwa nini! Iandike hivi: "Wanafunzi wasio na kompyuta nyumbani wataanza kuazima kompyuta mpakato bure maktaba kuu kuanzia Jumatatu, kila mmoja kwa wiki mbili." Imeisha. Angalia pia sentensi imeanza na nani, imeanza na mwanafunzi anayefaidika, maktaba imekuja baadaye, maana msomaji anajitafuta yeye kwanza kwenye habari kabla hajaitafuta taasisi yako.

Na hapo hapo pitia sifa zote ulizojipa, bora, ya kipekee, ya kiwango cha kimataifa, inayoongoza, futa. Mwandishi wa habari hawezi kuzichapa kwa jina lake kwa hiyo lazima aanze kuzifuta mwenyewe, unamwongezea kazi bure. Weka namba badala yake. Kompyuta ngapi, zimegharimu kiasi gani, nani amelipa, zikipotea inakuwaje. Maswali magumu kama hilo la mwisho yajibu humo humo, usingoje uulizwe.

Hili la ukweli mtupu ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kwenye daraja karibu na Atlantic City, Marekani, watu zaidi ya 50 wakafa. Kampuni za reli enzi hizo zilikuwa zinaficha ajali, lakini Ivy Lee, mwandishi wa habari wa zamani aliyekuwa anaishauri kampuni, akafanya kinyume, akatoa maelezo ya maandishi ya kilichotokea na akasaidia waandishi wafike eneo la ajali. The New York Times ikayachapa maelezo yale kama yalivyo. Wengi wanaihesabu kuwa ndo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari, na mi naona fundisho lake bado lina nguvu ileile, gazeti lilichapa kwa sababu lilipewa kilichotokea bila mapambo.

Sasa nukuu, hapa ndo taarifa nyingi zinakufa. "Tunafurahi sana kuzindua huduma hii na tunawashukuru wadau wote", hiyo haimwambii mtu chochote. Nukuu ni mahali pekee kwenye taarifa ambapo binadamu anaongea, kwa hiyo apewe kitu ambacho maelezo ya kawaida hayawezi kubeba: kwa nini waliamua hivi na sio vile, nini kiliwasukuma, wanaogopa nini, msimamo wao ni upi. Yule mkuu wa maktaba anaweza kusema, "Tulikuwa tunawaona wanafunzi wanaandika insha nzima kwenye simu, tukasema hapana, hii haiwezekani." Hiyo ina mtu ndani yake. Mbinu nzuri ni kumfuata msemaji umuulize maswali mawili matatu, umrekodi, halafu uchukue maneno yake yalivyotoka mdomoni, badala ya kumtungia wewe alafu yeye asaini. Na ukishaichagua msomee akubali kabla haijatoka, hilo halina mjadala. Nukuu mbili zinatosha, na kama ya pili inatoka kwa anayefaidika na huduma, bora zaidi.

Kichwa cha habari kiandike mwisho, kifupi, chenye kitenzi. "Maktaba kuazimisha wanafunzi kompyuta bure" kinatosha. Hicho hicho ndo kiende kwenye mada ya imeili, sio "TAARIFA KWA UMMA" peke yake maana anayepokea imeili lundo kwa siku hatajua ni ya nini.

Vitu vya fomati ni vichache. Juu andika "Itolewe mara moja", au kama mnataka isubiri andika embago, yaani isichapwe kabla ya muda mliotaja, na saa kamili, ila embago ni makubaliano, hakikisha mwandishi amekubali kwanza kabla hujamtumia kitu nyeti. Weka mji na tarehe. Chini aya fupi ya kuhusu taasisi yenu, kisha jina, simu na imeili ya mtu wa kuwasiliana naye, halafu alama ### kuonyesha mwisho. Yote iingie ukurasa mmoja, maneno 300 mpaka 400 hivi.

Kwenye kutuma, tafuta mwandishi anayeandika mambo ya aina hiyo, usirushe kwa kila mtu, na kama wapo wengi anwani zao ziweke kwenye BCC wasionane. Maandishi yapesti ndani ya imeili yenyewe, PDF iwe nyongeza tu kwa sababu yeye anataka kukopi, sio kuchapa upya. Picha tuma zenye ubora wake wa asili, zile zilizopita WhatsApp kama picha za kawaida zinakuwa zimebanwa na gazetini hazifai, na kila picha iwe na maelezo, nani ni nani kuanzia kushoto. Asubuhi ni bora kuliko jioni watu wanapokimbizana na dedilaini.

Ukipiga simu kufuatilia piga mara moja, na uwe na kitu cha kumpa, mtu wa kuhoji au namba mpya, sio kuuliza "mtaitoa lini?". Usiombe kusoma stori kabla haijatoka. Msemaji wenu siku hiyo simu yake iwe wazi na awe amesoma taarifa yenyewe (utashangaa ni wangapi hawasomi). Ukigundua kosa baada ya kutuma, tuma nyingine haraka yenye neno MAREKEBISHO kwenye mada, na mstari wa kwanza kabisa useme kilichokosewa ni kipi na sahihi ni ipi, ili mwandishi asianze kulinganisha taarifa mbili mstari kwa mstari.